Amplifaya Iliyolala Sebuleni Kwangu

Kanisa letu halina ghala. Kuna chumba kidogo nyuma ya madhabahu, lakini mchwa walikwisha kujitwalia, kwa hiyo mali ya kanisa hulala majumbani mwa Wakristo. Ngoma kubwa inalala kwa mzee mmoja karibu na barabara ya Kilembe. Vitambaa vya meza ya Bwana vinalala kwa mke wa katekista. Viti vya plastiki vimetawanyika mtaa mzima, na ukialikwa mahali kula unaweza kujikuta umekalia sadaka yako mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuuandika utaratibu huu, lakini kila mtu anaujua, pamoja na ile sehemu yake isiyosemwa: chombo ni cha kanisa, ila anayelala nacho ndiye anayekipiga. Mzee anayelaza ngoma ndiye mpiga ngoma. Siku akiondoka, ngoma itahamia nyumba nyingine, na mpiga ngoma mpya atatoka humo.

Gitaa lilikuwa la mama mmoja mjane, mkunga mstaafu. Mume wake alitoka Kenya kuja kufanya kazi mgodini, kama baba yangu, akaja na gitaa lake, na alipofariki mama akalitoa ukutani akaendelea pale mumewe alipoachia. Anapiga kwa vidole vitupu, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Amplifaya aliyopewa na kanisa ilikuwa kisanduku kidogo cha betri. Kila Jumapili alishuka nacho kilimani ndani ya kikapu, kimefunikwa kitenge, na asiyemjua angedhani anapeleka mayai sokoni. Nyumba yake iko juu, mwisho wa njia ya miguu, na jioni alipiga akiwa peke yake na kuku wake. Sisi wa chini tulijua mama ni mzima kwa kulisikia lile gitaa.

Mwaka huu kisanduku kilikufa. Kilianza kukohoa wakati wa zaburi, kikanyamaza kabla ya mahubiri.

Jumapili ya mavuno watu walileta kahawa, ndizi, pamba, kuku, tukanadi vyote nje ya kanisa. Jogoo wa mama mwenyewe alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, mpaka jogoo akaonekana amechoka kuliko wanunuzi. Kilichopatikana kikatengwa kwa ajili ya amplifaya. Baraza la kanisa likauliza nani anajua mambo ya gitaa, na mchungaji akanitazama mimi.

Hapa inabidi nieleze kwamba nilisoma chuo kikuu, na kwamba katika miaka ile nilikuwa mpiga gitaa wa bendi ya wanafunzi iliyojulikana kwa kelele. Nyimbo zetu hazikuwa nyingi, wala hazikuhitajika kuwa nyingi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Leo nina kitambi na miwani ya kusomea, na mtaani wananiita Profesa, cheo ambacho hakuna chuo kilichowahi kunipa. Lakini ile sauti ya gitaa lililojazwa nguvu hadi likakwaruza na kunguruma haikunitoka masikioni. Nilipoambiwa nichague amplifaya, nilisimama mbele ya baraza nikatoa muhadhara. Nikawaeleza kuhusu amplifaya za valvu, zile zenye vichupa vya kioo ndani vinavyowaka kama makaa. Kwamba sauti yake ina joto. Kwamba nzuri zaidi ni ile yenye chaneli mbili, moja safi na moja yenye geini kubwa, yaani ile nguvu inayokwaruza, ili ifae kwa kila aina ya wimbo.

"Hata wa maziko?" akauliza mzee wa ngoma.

"Hata wa maziko," nikasema.

"Basi mpelekeni Bwera," akasema. "Na aende na mama. Yeye ndiye atapiga."

Bwera, mji wa mpakani, kuna Mkongomani anayenunua vyombo vya bendi zilizovunjika. Duka lake ni dogo, giza, na limejaa spika mpaka dari. Mimi na mama tulifika asubuhi ya siku ya soko. Alinifuata, mkoba mkononi, gitaa mgongoni, na njiani alikuwa ameniambia jambo moja tu: "Mwanangu, vidole vyangu vimezeeka. Nataka kitu isikike bila mimi kukaza sana."

Mwenye duka alimkalisha kwenye stuli, kisha akaona macho yangu yalikokwenda.

"Eh, papa! Umeiona," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Ile njo mashine. Batu ya bendi moja balipigaka mu ile mpaka jirani bakahama."

Ilikuwa pale sakafuni, nyeusi, kingo zimechubuka, ina mshikio wa ngozi juu ulioshonwa upya. Aliiwasha. Hakuna kilichosikika, na mama akanitazama kwa huruma akidhani imeharibika. Nikamweleza kwamba valvu lazima zipate moto kwanza. Nikachukua gitaa la mama nikaanza na chaneli safi, nikapiga wimbo wake mmoja kwa namna yake, polepole. Ilikuwa nzuri. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema, "Hiyo iko na sauti ya kanisa."

Ningeishia hapo. Nikabonyeza swichi ya mguuni, nikaingia chaneli ya pili, nikazungusha geini hadi ikapita nusu. Uzi mmoja tu niliougusa ulijaa chumba kizima, ukanguruma, ukakataa kufa. Makopo ya rangi juu ya kabati yakatetemeka. Nikasahau kitambi. Nilipofumbua macho watu wawili walikuwa wamesimama mlangoni na mwenye duka alikuwa anacheka.

"Papa alikuwaka mutu mubaya zamani!" akasema.

Kwenye rafu, nyuma ya kichwa cha mama, kulikuwa na kisanduku kidogo kipya cha betri ya kuchaji, ndugu kabisa wa kile kilichokufa. Mama alikiona. Akauliza, kwa adabu, kama na kile tunaweza kukisikia. Nikakishusha. Nikakijaribu. Na huku nikikijaribu, kidole changu kilizungusha kitufe cha besi mpaka mwisho wa kushoto, kikabaki pale, na kisanduku kikatoa sauti ya mbu aliyefungiwa ndani ya kopo. Sikukirudisha kitufe. Niliinua tu nyusi kama mtu anayesema, mmesikia wenyewe.

"Kembamba," nikasema.

"Ndiyo, kembamba," mama akakubali.

Kisha akaitazama ile nyeusi. Akainama, akaushika mshikio wake, akajaribu kuiinua kwa mkono mmoja, haikusogea. "Na hii italala wapi?" akauliza.

"Hilo tutaliona huko mbele, mama."

"Hii hailalake!" akadakia mwenye duka. "Hii iko ya kuamusha batu!"

Tukacheka wote, mama naye akacheka, na suala likapita. Kwetu aliyetumwa na kanisa ndiye anayesema; mwenzake hampingi mbele ya mfanyabiashara, maana huko ni kuliaibisha kanisa zima. Nililijua hilo vizuri. Ndiyo maana sikumuuliza kama ameridhika.

Tulirudi Kasese na amplifaya nyuma ya gari la kukodi, na pale njia ya miguu inapoanza dereva akazima injini. Vijana wawili waliibeba hatua chache kwenda juu, wakaiweka chini, wakaitazama njia. Mama akasema isiwe shida. Isitoshe, nyumbani kwake umeme ni wa sola, wa taa mbili na simu, na ile mashine isingewasha hata taa yake nyekundu. Nyumba yangu iko hatua chache tu kutoka kanisani, barabarani, ina umeme wa waya. Nikajisikia nikisema, kwa sauti ya mtu anayejitolea, "Basi ikae kwangu kwa muda."

Mke wangu alifungua mlango, akaipisha ikipita, akasema, "Sasa nimeelewa muhadhara."

Nilikuwa mwaminifu kwa siku kadhaa. Niliifunika kwa shuka. Halafu mchana mmoja, watoto shuleni na mke wangu kazini, niliona ni wajibu wangu kuzipasha moto zile valvu, zisije zikapata unyevu. Tangu hapo unyevu ukawa tatizo la kila siku.

Mama alikuja kufanya mazoezi. Tulikuwa tumepatana hivyo: aje wakati wowote. Alipiga hodi, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kochi kwa namna ya mgeni. Mke wangu alileta chai na karanga. Mama akapiga wimbo mmoja, akaacha kupiga ili anywe chai kwa sababu chai imeletwa, akauliza habari za watoto kwa sababu watoto walipita, akapiga wimbo wa pili akiangalia saa ya ukutani. "Nisiwachoshe," akasema, na kuondoka. Wiki iliyofuata alikuja tena, akiwa na mkungu mdogo wa ndizi, kwa sababu hufiki nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Nikaona itakuwaje: kila mazoezi yatamgharimu mkungu. Hakuja mara ya tatu.

Jumapili moja akaketi na akina mama wenzake. Mchungaji alipomwangalia, akanyoosha vidole vyake hewani, akavikunja, kumaanisha vinauma. "Profesa atupigie leo," akasema.

Nikapiga. Chaneli safi, nakuapia. Swichi ya mguuni niliiacha nyumbani makusudi. Watu walifurahi. Vijana wa kwaya walisema kanisa limeendelea. Nilipokuwa nakunja waya nikagundua kwamba sikuwa nimepanga kumnyang'anya mtu kitu chochote, na bado nilikuwa nimeshika gitaa la marehemu mume wake, naye alikwisha kupanda kilimani bila kuliulizia.

Kilichonishinda hasa ni swali la mama anayetuuzia maziwa. Jioni moja alisimama getini, akaelekeza kidevu chake juu kilimani. "Mukunga yuko?" akaniuliza. "Siku hizi kimya. Ama alisafiri?"

"Yupo," nikasema.

"Mbona hatumsikii?"

Nikarudi Bwera peke yangu. Kile kisanduku kilikuwa bado pale rafuni. Mwenye duka alishangaa: "Papa, ile kubwa imekufa?" Nikamwambia haijafa. Safari hii niliviweka vitufe vyote katikati nikapiga, na kisanduku kikaimba wazi, kitamu, kila noti mahali pake. Hakikuwa chembamba hata kidogo.

Nikakilipia kwa fedha zangu, nikapanda ile njia nacho mkononi, pamoja na gitaa. Mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, ambacho bila shaka kilikuwa cha kanisa. Nikaweka kisanduku mbele yake nikamwambia ni chake.

"Changu mimi? Ama cha kanisa?"

"Chako, mama. Zawadi."

Akaendelea na maharage. "Sasa nitakuwa mwanamke mzee anajichezea muziki nyumbani," akasema. "Na kanisani utapiga wewe, na ile kubwa."

"Hapana, mama, utakuja nacho..."

"Nitakuja nacho kama nani? Kanisa ilinunua amplifaya. Iko kwako. Mimi nikileta ya kwangu, watu watasema mama amekasirika, ameleta ushindani." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Peleka kwa baraza. Wao waseme ni ya kanisa, na wao waseme inalala hapa. Na wewe uwaambie kwa nini."

Baraza lilikutana baada ya ibada. Mama alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Nilikuwa nimejitayarisha kuwaambia yote: kitufe cha besi, unyevu, kila kitu. Nikasimama, nikaona nyuso zao njema, nikasikia mdomo wangu unasema kwamba ile kubwa, baada ya uchunguzi wa kina, imeonekana kuwa nzito mno kwa matumizi ya mama, na kwamba natoa kisanduku hiki kwa kanisa ili kilale kwake, na ile kubwa itafutiwe mahali pengine kwa ajili ya vijana. Sauti yangu ilikuwa ya ripoti.

Mchungaji akaomba Profesa apigiwe makofi ya shukrani. Wakanipigia. Nilikuwa nimekwisha kukaa, nimeinamisha kichwa kwa kile walichodhani ni unyenyekevu, mama aliposimama.

"Makofi ni sawa," akasema. "Lakini msimsifu sana. Huyu aliipenda ile kitu tangu Bwera. Aliipiga macho imefungwa, kama mtu anaombewa. Na ile ndogo aliipunguza sauti ya chini ndiyo tuione mbaya. Mimi nimeshika gitaa miaka mingi, nilisikia." Watu wakaanza kucheka. "Nami nilinyamaza, kwa sababu ndiye mlimtuma. Basi makosa tugawane."

"Profesa!" mzee wa ngoma akapaza sauti, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kumbe na wewe uliingia katika majaribu!"

Kicheko kile kilinichoma kuliko ambavyo hasira ingenichoma. Nilitaka kusema kwamba makosa hayagawanyiki hivyo, kwamba nusu aliyojichukulia si yake. Lakini mama alikuwa amekwisha kukitia kisanduku ndani ya kikapu na alikuwa anauliza chaja yake iko wapi.

Uamuzi ukawa kwamba ile kubwa ilale kwa kiongozi wa vijana, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Tuliihamisha alasiri ile ile, yeye na mimi, tukiishika kila mmoja upande wake. Tulikuwa hatujafika hata getini mvua iliposhuka ghafla kutoka mlimani. Kiongozi wa vijana akasema tuikimbize. Mimi nikasema maji na valvu havipatani, nikavua koti langu, koti la pekee la Jumapili, nikaifunika amplifaya vizuri, nikazikunja pembe zake ndani ili zisipeperushwe. Nilipoinua kichwa, shati limenigandia kitambini, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli uliofungwa, ananitazama. Hakuufungua.