Thamosi ya Mama Yaenda Chuo Kikuu

Dada yangu Jemutai ni daktari, lakini usimpelekee homa. Ni daktari wa historia, tena historia ya viwanda vya China: vile walianza kutengeneza thamosi, na vile thamosi ziliingia kwenye harusi zao na chai ya wageni. Ameishi huko, anaongea Kichina, anafundisha chuo kikuu hapa Eldoret. Haya, sasa waelezee watu wa kwetu Soy!

Huko nyumbani wanachojua ni kwamba analeta mizigo ya kuuza kutoka China. Mzee Kinuthia mwenye hardware, kila akimwona: "Daktari, belti yangu ya mashine ya kusaga imefika?" Mama naye, wakibaki wawili, anamuuliza, "Na kazi utapata lini, mtoto wangu?" Jemutai anacheka, kisha akifika kwangu Kimumu analia. Alichotaka ni kimoja tu, Mama aone kwamba hiyo ni kazi. Ilikuwa inaniuma, wacha tu.

Mwaka huu akapandishwa kuwa profesa, ikabidi ahutubie chuo kizima. Akaomba thamosi ya Mama, ile nyekundu yenye maua, ambayo Baba alinunua Jemutai alipozaliwa. Mama akaruka. "Wageni wakija niwape chai na sufuria? Hiyo haitoki hapa!"

Siku ya hotuba, mlango ukafunguka katikati ya maneno. Mama huyo, kitambaa cha kanisa kichwani, thamosi kifuani, na nyuma yake Mzee Kinuthia aliyemleta na pickup. Jemutai akaichukua kwa furaha aipindue, atuonyeshe chapa ya kiwanda huko chini. Woi! Imejaa chai.

"Ulitaka niende kwa watu na thamosi tupu?" Mama akauliza, amekunja uso.

Hotuba ikasimama. Vikombe vikatafutwa, wakubwa wa mbele wakanywa, mmoja akaomba aongezwe. Chai ilipoisha ndipo Jemutai akaipindua, akasoma maandishi ya Kichina, akatusimulia wasichana wa kiwandani waliopaka rangi maua kama yale, na mabibi harusi waliopewa thamosi mbili waanze nazo nyumba.

"Kumbe nao wanapenda wageni," Mama akaninong'oneza. Hakuondoa macho kwa Jemutai tena.

Mzee Kinuthia akainua mkono. "Daktari, na ile belti yangu..."

Mama akamvuta koti. "Mzee Kinuthia, keti! Huoni mtoto yuko kazini?"

Jemutai akasikia. Profesa mzima akashindwa kuendelea, anacheka na machozi yanamtoka.