Bila Upendeleo

Pudensiana alipoapishwa kuwa mjumbe wa baraza la kata pale Kabungu, alisomewa maneno ayarudie: atasikiliza mashauri bila upendeleo. Neno hilo la mwisho lilimkaa rohoni. Alikuwa mjane, mkulima wa mahindi, na hakuwahi kukabidhiwa kitu kizito namna ile.

Shauri lililomponza lilikuwa la mdogo wake, Ladislas, aliyemkata ng'ombe wa mfugaji Makoye mshipa wa mguu akidai kaingia shambani. Baraza lilipokwenda kuona, Pudensiana hakuhitaji kuambiwa: mdogo wake alikuwa amelima mpaka katikati ya njia ya ng'ombe. Wenzake wakatazama chini. Yeye akasema.

"Hapa ni njia. Ladislas ndiye aliyeifuata kwa jembe."

Ladislas akapokonywa kipande kile, mahindi yake yakiwa yanabeba. Hakubisha. Alimwambia tu, "Neno lenu nimelielewa, dada. Bila upendeleo ni bila kupenda."

"Siyo hivyo, mdogo wangu. Nakupenda, ila..."

"Ila nini?"

Tangu hapo watoto wa Ladislas hawakutumwa tena kwake, hata kuomba chumvi. Kwa wafugaji nako hakupata rafiki. Ng'washi, mke wa Makoye, alisema kisimani watu wakisikia: "Kamtupa wa tumbo moja. Sisi atatushika wapi?"

Msimu uliofuata ng'ombe waliingia shamba la Pudensiana mchana kweupe, mwenyewe akiwa barazani. Alirudi akakuta mabua yamelala na kinyesi kibichi kila mahali. Ladislas, waliyepakana naye shamba, alikuwa akipalilia. Akamfuata.

"Umewaona ng'ombe?"

"Nimewaona."

"Wa nani?"

Ladislas hakuacha kupalilia wala hakuinua macho. "Tafuta shahidi asiye ndugu yako, dada. Watu wasije wakasema unapendelewa."

Shahidi mwingine hakupatikana. Wajumbe wenzake walimpa pole, kisha wakasema shauri lisilo na shahidi halisimami. Ilikuwa kweli. Angekuwa mtu mwingine, yeye mwenyewe angesema hivyo hivyo. Walipoulizwa nani anakubali lifutwe, Pudensiana alinyoosha mkono pamoja nao.

Ghala lilipobaki vumbi alipanda milimani, Mwese, kufanya kibarua cha kuvuna. Mwenye shamba akamuuliza ana ndugu gani huko Kabungu. Akasema hana, akaendelea kuvunja mahindi.