Piano ya Sebuleni

Juzi kwenye kaunta ya maktaba, hapa Tabora, dada mmoja alikumbatia riwaya ya kale ya Kizungu, nakala pekee iliyokuwapo, akahema: "Laiti ningezaliwa enzi zile! Ningekaa sebuleni na gauni langu, nipige piano."

Nikashindwa kunyamaza. "Mwenzangu, piano zile zilipambwa kwa meno ya tembo. Mababu zetu waliyabeba mabegani kutoka hapa mpaka pwani. Wewe ungebeba, usingepiga."

"Makubwa! Haya, mwanaharakati, wewe umefuata kitabu gani?"

Nikakitazama alichokumbatia. Mkutubi akaziba mdomo kwa kiganja.

Dada akaondoka nacho. Nimekereka mara mbili: riwaya ile haimtaji hata mpagazi mmoja, na mimi nilikuwa nimeishia katikati, sijui kama yule bwana mwenye jumba alimwoa yule binti mpiga piano.