Mrija wa Baba

Ukipita sokoni Nyakabanda mchana, pale wanapomwaga ndizi zilizoiva mpaka zikapasuka, utakutana na harufu tamu, nzito, inayokaribia kuchacha. Wenzangu huipita tu. Mimi hubana pua kama mtoto, maana harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenye koti la Baba, na kila ikinifikia nakumbuka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nawaambia ninyi. Msinihurumie tu.

Baba alikuwa seremala, lakini mtaani hawakumjua kwa randa, walimjua kwa mdomo. Kwetu Rwanda, familia ya kijana ikija kuomba mchumba, wazazi hawasemi neno. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao wawili hutaniana mbele ya watu. Huyu anaomba, yule anakataa, anadai hapa hakuna binti, anadai binti kaenda kisimani, mpaka watu wacheke wachoke ndipo anakubali. Baba alikuwa bingwa wa kukataa. Alizaliwa ukimbizini Karagwe, basi alichanganya Kinyarwanda cha kusifia ng'ombe na Kiswahili cha huko alikokulia, na watu walishika mbavu.

Shukrani yake ilikuwa urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Aliyeoza binti alileta, aliyeoa alileta, na waliopita kumpongeza tu hawakuja mikono mitupu. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya. Tulimmaliza kwa heshima zote.

Alikuwa na mrija wake wa unyasi, mrefu kama mkono wangu wa wakati ule, unaong'aa kwa kushikwashikwa. Zamani watu walinyonya kwa mrija mmoja, mdomo kwa mdomo, hadi mjumbe wa afya wa mtaa alipopita nyumba kwa nyumba akikataza, kwamba magonjwa yanapita na mate. Baba alitii kuliko wote. Kila alikokwenda, mrija ulikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na bila huo hakugusa pombe. "Mlevi ni yule anayetia chupa mdomoni," alikuwa akituambia. "Mimi nakunywa kwa adabu." Nasi tukaamini, jamani! Asubuhi mikono yake ilitetemeka mpaka chai ikamwagikia mezani, tukasema ni baridi ya Kigali.

Nilikuwa na miaka tisa Dada Vestine, kifungua mimba wetu, alipochumbiwa. Wakwe walikuwa watu wa Kiyovu, watu wa ofisi na magari. Uwanja wetu haukutosha hata mbuzi wawili, kwa hiyo sherehe ikapelekwa kwa Baba Mdogo, Gahanga, kwenye nafasi na migomba. Kulikuwa na siri moja. Kabla ya kijana huyu alikuja mwingine, wa Musanze, akala, akanywa, akaahidi, akapotea. Wakwe hawakuambiwa, na Mama alituapisha wote, hata mimi.

Asubuhi ya siku ile Mama aliniita jikoni kwa Baba Mdogo, akanitundikia begani mkoba wake mweusi.

"Keza, kaa nao. Ndani kuna mrija wa baba yako. Asiuone mpaka wageni waondoke. Umesikia?"

Nilisikia. Weee, nilijiona askari!

Wageni walipokaribia kufika, nilimkuta Baba nyuma ya nyumba, peke yake kwenye migomba, akijizoeza. Maneno hayakuja. Alianza, akakwama, akaanza upya. Jasho lilimtiririka na mikono ilimcheza. Aliponiona akajaribu kucheka, kicheko nacho kikakataa. Nilimwonea huruma, lakini sitawaficha, nilijionea huruma mimi pia. Nilikuwa nimewaalika wasichana wawili wa darasani kwetu na kuwatambia kwamba baba yangu akisema watu hulia kwa kucheka. Na kwa akili yangu ya miaka tisa, maneno ya Baba yalitoka kwenye pombe, maana sikuwahi kumsikia akiyasema bila hiyo. Nikafungua mkoba.

Hakuupokea mara moja.

"Mwana wangu, umeutoa wapi?"

"Kwa Mama. Nimekuletea upate maneno."

Aliutazama mrija, akanitazama mimi, akaitazama nyumba. Kisha akaniwekea mkono kichwani, na kwa mkono wa pili akauchukua mrija. Nilifikiri amefurahi. Kibuyu cha pombe ya wageni kilikuwa chini ya turubai, hatua chache kutoka pale.

Mwanzoni alikuwa moto. Msemaji wa Kiyovu, mzee mmoja mwenye miwani, aliomba, Baba akakataa, uwanja ukalipuka. Rafiki zangu walicheka mpaka wakashikana. Mzee akaomba tena, Baba akakataa tena. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa ya kukubali, kila mtu alijua. Baba hakukubali.

"Mnataka nini hasa?" alisema, na sauti haikuwa ya mchezo tena. "Yule wa Musanze naye alikuja hivihivi. Akanywa vyetu, akamwacha mtoto wangu analia mwaka mzima. Ninyi mtamwacha lini?"

Baadhi yao walicheka, wakidhani ni utani. Halafu kicheko kikaanza kufa, kutoka viti vya mbele kwenda nyuma. Dada Vestine alikuwa nyuma ya pazia amevaa mshanana wake, vazi letu la sherehe, anangoja kuitwa. Nilikuwa karibu naye. Hakulia. Alikaa chini sakafuni, na mshanana wake, kama mtu aliyechoka safari.

Baba Mdogo alimkalisha Baba kitini, akaomba radhi kwa maneno ya kuungaunga. Wakwe wakatoka kando kushauriana, nzi wakatua kwenye vyakula. Walirudi wakakubali, kwa ile heshima ya baridi. Dada aliolewa, lakini kila ugomvi ulipotokea kwa wakwe alikumbushwa yule wa Musanze, na miaka mingi hakukanyaga kwetu.

Wageni walipoondoka Mama alisimama mbele ya Baba. "Mrija umeutoa wapi?"

Mkoba ulikuwa bado begani mwangu. Baba hakunitazama hata kidogo.

"Niliuiba mkobani, mtoto akicheza."

Mama akamwita mlevi. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuitwa hivyo ndani ya familia yetu. Mimi nilinyamaza, na nilifurahi kuokoka. Ndiyo, nilifurahi.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita tena kusema. Mrija aliurudisha mwenyewe kwa Mama, akaanza kutia chupa mdomoni. Nilipofika sekondari tumbo lilimvimba, macho yakawa ya manjano, na daktari akatuambia ni ini. Tulimzika kabla sijamaliza masomo.

Mwaka jana nilikuwa nikimsaidia Mama kupanga sanduku lake, mrija ukaanguka kutoka kwenye kitambaa. Mama aliuokota, akaugeuzageuza.

"Unajua ni yeye aliyenipa, siku ile ya Vestine? Aliamka alfajiri, akautia mkononi mwangu. Akaniambia, 'Nifichie, Mama Vestine. Hata nikikuomba, usinipe. Leo nataka kujaribu.'" Akafyonya. "Halafu akaenda kuuiba mwenyewe. Mtu gani yule!"

Nilikaa kitandani. Ndipo nilipoelewa kwa nini aliitazama nyumba, pale kwenye migomba. Alikuwa amejinyima pombe mwenyewe, nayo ikamrudia mkononi mwa mtoto wake, mtoto anatabasamu. Bingwa wa kukataa, na mimi hakuweza kunikataa.

Nina miaka thelathini na mitano, na mdomo ninao, tena nimeurithi. Neno moja tu lingetosha kumsafisha Baba. Nikasema, "Ndiyo hivyo, Mama. Pombe."

Mama akatikisa kichwa, akaendelea kumlaumu marehemu, na mimi nikamwacha amlaumu.