Mdomo wa Lynn

Hakuna aliyechukia pombe kama Dinah. Mama huyu wa kutoka Mghange, muuza kabichi sokoni Voi, ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa akasema jirani yake Wanza asipewe zamu ya kupika chai, kwa sababu anauza pombe ya mnazi. Ati mikono yake inanuka! Wanza alikuwa papo hapo, akisikia yote.

Sasa binti ya Dinah, Lynn, wa miaka minne, alichaguliwa kusema mstari wa Biblia Jumapili ya watoto. Dinah alifurahi mpaka wateja wakamchoka. Ila mdomo wa mtoto ulikuwa ukinuka. Kila asubuhi Dinah alimpa mswaki uliotiwa dawa, akamwambia, "Sugua meno haraka!" kisha akakimbilia kupokea mboga zake kutoka milimani. Meno yenyewe hakuyatazama. Lynn aliposema, "Mama, hapa panauma," alijibiwa, "Ni hizo peremende zako. Wacha kudeka."

Badala yake Dinah alinunua dawa ya kusukutua, ile ya buluu ya watu wazima inayochoma ulimi. Jumapili akammiminia kwenye kifuniko. "Sukutua, uteme. Hutaki watu wakunuse vibaya, ama?" Mtoto wa umri ule atajulia wapi kutema? Alimeza. Na mama alipogeuka kufunga kilemba, Lynn akajiongezea kutoka kwenye chupa, ili asinuke kabisa.

Kanisani alisema maneno mawili ya mstari wake, akacheka peke yake, akayumba, akatapika mbele ya madhabahu. Mke wa mchungaji akamwinua, kisha akasita.

"Mama Lynn, mbona mtoto ananuka pombe?"

Lo! Kanisa zima liligeuka. Dinah alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua wanafikiria nini, maana yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kufikiria hivyo. Aliyeinuka ni Wanza. Alimpokea mtoto, akamfunika leso yake, akatoka mbio kutafuta gari la kwenda hospitali. Dinah alimfuata kichwa chini.

Huko waliambiwa dawa ile ina spiriti, yaani kileo, na kwa mtoto mdogo si mchezo. Walimlaza, wakamwangalia mpaka akapata nafuu. Ndipo daktari akamulika kinywa chake kwa tochi.

"Mama, wa umri huu hahitaji kusukutua na dawa yoyote. Anahitaji mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno kama punje ya mbaazi, na mtu mzima wa kumsugulia. Mdomo ukizidi kunuka, tafuta sababu. Hebu njoo uone."

Dinah aliinama. Gego la nyuma lilikuwa limetoboka, jeusi, na ufizi umevimba. Wanza aliona pia, akatazama pembeni ili kumsitiri mwenzake. Hilo ndilo lililomuumiza Dinah zaidi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, akamwinamia ampe busu.

Lynn akaziba mdomo haraka kwa viganja vyote viwili.

"Usikuje karibu, Mama," alisema. "Bado nanuka."