Mvuke wa Mkaratusi na Kichwa cha Mama

Harufu ya majani ya mkaratusi yaliyochemshwa bado hunirudisha chini ya lile blanketi la kijivu, katika nyumba yetu ya Makadara, msimu wa baridi nilipokuwa gredi ya tano. Dada yangu Njeri alikuwa ameleta mafua kutoka shuleni. Mama, ambaye haamini dawa nyingine ila mvuke, akabandika sufuria, akatukusanya sote watatu na kutufunika pamoja ili ugonjwa usipate wa kumshika. Tulikaa humo magoti yakigusana, jasho likitutiririka, Njeri akipiga chafya katikati yetu kama mwenye nyumba.

"Mama, hapa tunajifukiza ama tunagawana?" nikauliza.

"Vuta hewa, wewe. Huo mdomo ndio utapona mwisho."

Tuligawana. Mimi na Njeri tulipona upesi, tukarudi kuwasumbua walimu. Mafua ya Mama yalitoka puani yakapanda kichwani, upande wa kushoto tu, na humo yakakaa. Mwanga ulimchoma macho. Jirani akikaanga vitunguu, Mama anatapika. Na bado alirudi kwenye sufuria ileile na blanketi lilelile, na kila akijifukiza kichwa kinazidi. Alikuwa akishona nguo kiwandani huko Industrial Area, kibarua wa kuchaguliwa langoni kila asubuhi, na aliogopa kitu kimoja tu: mtu mwingine kukalia mashine yake.

Daktari wa kliniki alisema ni kipandauso. Huenda kilikuwa kimelala mwilini siku zote, virusi vya mafua vikakiamsha, na mafua mengine yanaweza kukiamsha tena.

"Si tukiimbie kilale," nikasema.

Daktari alicheka. Mama hakucheka. Aliporudi kiwandani baada ya siku za kuugua, mashine yake ilikuwa na mwenyewe mwingine. Msichana mpole, alituambia, na anashona vizuri.

Sasa niko gredi ya tisa. Mama hufulia watu nguo siku ambazo kichwa kinamruhusu. Vidonge hupunguza tu. Utani wangu nyumbani nausema kwa kunong'ona, maana hata kicheko kinamuumiza. Blanketi la kijivu tulilifanya pazia la dirisha. Jana jioni Njeri alipiga chafya, moja tu. Mama aliinuka, akalivuta blanketi mpaka chumba kikawa giza, akajilaza kukingoja kipandauso.