Mzaha wa Luteni Garside

Barua ya kwanza ya Seif ilifika mchana Mama akikaanga kababu, na jirani akitupigia kelele dirishani kwamba moshi wetu wa Kiunguja unamwingilia chumbani.

"Rudini kwenu!"

"Kwetu ndo huku, bwana," Mama alimjibu. "Hukuambiwa?"

Tulikuwa Maskati, kwa mababu zetu, tangu 1964, tulipokimbia mauaji ya Unguja, na miaka mitatu ilikuwa imepita. Mdogo wangu Seif aliingia jeshini kwa kuwa hapakuwa na pengine palipomtaka. Wakampeleka kusini, Dhofar, vitani.

Mimi nilikuwa karani kambini, nikimpigia taipu Luteni Garside, mmoja wa maofisa Waingereza wa Sultani, aliyekagua barua za askari kabla hazijawafikia jamaa zao. Za Kiswahili hakuzijua. Nilimfasiria kwa mdomo, nimesimama, yeye ameketi.

Kazi hiyo aliidharau. Alijiona mwandishi wa vichekesho. Baba yake, alinisimulia bila kuulizwa, alichana tiketi mlangoni mwa sinema katika mji wa mvua, na yeye utotoni alikaa safu ya nyuma akisikiliza ni neno gani linawachekesha watu. Aliacha shule mapema, akafunga biskuti kiwandani, akawatungia wafanyakazi wenzake michezo ya sikukuu. Redio ya London ilikuwa imenunua mzaha wake mmoja.

"Mmoja tu, Nassor. Lakini wameshanijua."

Barua za Seif zikawa shamba lake. Seif alijua kuchekesha: kofia aliyopewa ilimtosha yeye na mwenzake, ngamia wa kikosi kapandishwa cheo kabla yake. Garside alicheka na kuandika, mpaka akapatikana askari mjinga wa mchezo wake wa redio, aitwaye Sefu. Nilimchapa kwa taipu mwenyewe, kwa vidole hivi. Nilimchukia Garside, na nikachapa bila kosa.

Barua ya saba haikuwa na mzaha.

"Kaka Nassor, nnaogopa. Jana gari la mbele yetu lilikanyaga bomu. Hamed, mwenzangu, nilimwokota kwa mikono yangu. Mwambie Mzungu wako anirudishe Maskati, hata kama ni jela. Mama asijue."

"Haya," alisema Garside, penseli mkononi. "Leo bwana Sefu ana nini?"

Nje lori liliwashwa.

Pengine angemrudisha. Pengine angeandika kwenye faili kwamba ni mwoga, na mji uliokwisha kutucheka kwa kukimbia Unguja ungepata la kuongeza.

Au angecheka. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

"Anasema," nikaanza, "koplo kawaamuru wanyamaze, adui asiwasikie. Tumbo la Seif likanguruma. Koplo akalitia mbaroni."

Garside alicheka hadi akavua miwani. "Huyu mtu ni dhahabu!" Akaigonga barua muhuri.

Wiki ya pili yake Seif alikufa, kwenye barabara ile ile, kwa bomu kama lile. Orodha ya waliokufa niliichapa mimi.

Garside alinipa pole. Kisha, mlangoni, akasema, "Na alikuwa bado na mengi ya kutuchekesha."

Sijamsamehe.

Alirudi kwao, redio ikamwajiri. Alasiri moja ya 1970 nilikuwa dukani Matrah nanunua sukari, redio ya mwenye duka ikisema Kiingereza. Nikamsikia koplo. Nikalisikia tumbo. Ukumbi mzima wa London ukaangua kicheko, na mwenye duka, asiyejua neno, akacheka nao.

"Wanasema nini, sheikh?"

"Upuuzi," nikamwambia.

Nimemlaani Garside maisha yangu yote kwa kumwibia ndugu yangu. Lakini mzaha ule Seif hakuuandika. Niliutunga mimi, nimesimama, barua yake mkononi.

Mama aliniuliza Seif aliandika nini mara ya mwisho. Nilimwambia habari ya koplo na tumbo. Akacheka, kisha akalia. Mpaka anafariki, kila Idi alikuwa akiniomba nimrudilie.

Nikamrudilia.